Sahihi ya Wambeti

Watu wa Maua huniona mwendawazimu, na mimi sijawahi kuwabishia. Mji mzima unahangaika na miraa: nani ameuza, nani amechelewa, pikapu ya nani imetangulia Nairobi. Mimi nina duka la miwani nyuma ya soko. Nikishamaliza kukaza skrubu za miwani ya wazee, nafungua kabati langu la kioo na kutazama vitabu sita. Sita tu. Mke wangu huviita wake wenza, na huvipangusa vumbi kila Jumamosi kwa mkono wa mtu anayetafuta ugomvi.

Si vitabu hivi hivi. Kitabu cha dukani hata wewe unaweza kununua. Kitabu chenye sahihi ya mwandishi nacho si kitu cha kujivunia sana, maana waandishi wetu wakishapewa kalamu kwenye sherehe hutia sahihi mpaka risiti ya soda na keki. Mimi nataka nakala ya mwenyewe: ile aliyokaa nayo nyumbani kwake, akaimwagia chai, akaikasirikia, akafuta maneno yake mwenyewe, kisha akaweka jina lake humo kwa mkono wake. Tuko watu wanne wenye ugonjwa huu, Meru na Embu zikijumlishwa. Tuna kundi letu la WhatsApp, na sheria yetu haipindwi: kimeandikwa naye, kimekaa naye, kimetiwa sahihi naye. Kikikosa kimoja hapo, hicho ni karatasi, kakifungie njugu.

Mlinzi wa sheria ni Mwalimu Karimi wa Embu mjini, mama aliyefundisha miaka thelathini na mitano, akastaafu, na hajaacha kufundisha. Ukimpelekea kitabu anakigeuza, anakinusa, anatoa kioo cha kukuzia maandishi, ambacho nilimuuzia mimi mwenyewe kwa bei ya urafiki, na mara nyingi anakurudishia na neno moja tu: "Rudia." Vitabu vyangu sita vilipita mbele yake. Cha sita kilipopita nilitoka kwake nikicheza peke yangu barabarani hadi askari wa kaunti akaniuliza kama nimeokoka.

Sasa, cha saba. Kinaitwa *Mwaka wa Nzige Wawili*, riwaya pekee ya Mama Wambeti wa Siakago. Ilichapwa mara moja tu, mwaka wa themanini na tatu, nakala mia tano, na mia tatu kati ya hizo zililiwa na mchwa kwenye stoo kabla hazijauzwa. Ni hadithi ya kijiji cha Mbeere kinachosikia kwamba nzige wanakuja. Wanaunda kamati. Wanachagua mweka hazina. Wanakusanya sufuria za kupigia kelele, wanafunga na kuomba siku tatu. Halafu wanakuja nzige wawili, mume na mke, wamechoka. Nilikisoma nikiwa kidato cha pili, nikacheka mpaka nikatolewa darasani, na huko nje nikaendelea kucheka. Siku hiyo niliapa kwamba mwandishi huyu lazima nimwone kwa macho yangu. Ikanichukua miaka thelathini na minne kupata namba yake ya simu.

"Nakala yangu?" akasema siku nilipompigia. Alikuwa na sauti nene ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya mto. "Iko. Iko jikoni, juu ya friji. Sura ya tatu ina mchuzi wa ndengu."

Nilishika meza. "Ina sahihi, Mama?"

"Sahihi ya nini? Nitie sahihi kitabu changu nimwonyeshe nani, friji?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe kuja. Nitakitia mbele ya macho yako, na utaenda nacho. Sahihi si kuku, haitumwi kwa gari."

Nikasema nitakuja Jumamosi. Na hapa ndipo ninapoanza kujichukia, kwa hiyo nitasema haraka. Ijumaa yake nikasikia kuna mshairi amefariki kule Timau na watoto wake wanagawana vitu. Unajua nyumba ya marehemu ilivyo: wiki moja tu, kitabu kimewashiwa moto au kimewekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Nikamwambia Mama Wambeti anisubiri kidogo. Mara ya pili ilikuwa mchungaji wa Nkubu aliyeacha tamthilia. Mara ya tatu hata sitaki kukwambia, maana nilipofika nilikuta marehemu hakuwa mwandishi, alikuwa mwenye duka la vitabu. Mara hiyo ya tatu Mama Wambeti aliniuliza kwenye simu, "Kwani Bundi, mpaka mtu akufe ndio unamtembelea?" Nami nikacheka, nikamjibu kama mtu mwenye akili: "Mama, wewe uko. Aliye hai haendi popote. Hawa wafu ndio wanaponyoka."

Alikufa miezi miwili baadaye, kwenye usingizi, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Niliona tangazo kwenye kundi letu. Sikwenda mazishini. Ningesimama wapi, na kwa uso gani? Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na mimi mwana niliyemchelewea alikuwa amenikaribisha mara tatu kwa kinywa chake. Nilifunga kabati la vitabu, nikampa mke wangu ufunguo. Akashtuka hata yeye, akaanza kuvipangusa polepole.

Ikapita miezi minane. Siku moja asubuhi ninapima macho ya mama mmoja, simu ikalia.

"Bwana Bundi? Mimi ni Muchangi, kijana ya Mama Wambeti, hapa Siakago. Mama anauliza: utakuja ama hutakuja?"

Mama mteja aliniambia baadaye kwamba mimi ndiye niliyehitaji kupimwa macho, yalivyonitoka. "Mama... yupi?"

"Huyu mdogo. Msichana wangu."

Nikaelewa, nikakaa chini. Kwetu huku, kote Meru na Embu na Mbeere, mtoto akipewa jina la nyanya yake si mtoto tu, ni nyanya amepita mlango wa nyuma. Baba yake mzazi humwita mama. Wengine hufanya utani, wengine hawafanyi, na kwa sauti ya Muchangi nilijua huyu hafanyi. "Mwambie Jumamosi," nikasema. "Mwambie hata akifa Rais."

Nikapita Embu kumchukua Mwalimu Karimi, kwa sababu kitabu bila yeye ni kesi bila hakimu. Alipanda kwenye Probox yangu amevaa kofia ya kanisani, na ndani ya mkoba ana bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha shule cha mwaka wa sabini na sita, kimetiwa sahihi na Wambeti mwenyewe alipokuwa mwalimu mkuu. Mwalimu Karimi alikitafuta wiki nzima. Hakuja kucheza.

"Nikuambie ukweli, Bundi," akasema tulipoacha lami ya mji na kuanza kuteremka kwenye joto. "Kama hakina sahihi, hakina. Usinililie."

"Sitalia, Mwalimu."

"Chelewa chelewa..."

"Kawia ufike, Mwalimu," nikamkata.

Akaguna, kisha uso ukamlainika, akatoa simu. "Hebu nikupe habari njema. Nimepata themanini na tisa kwa hesabu! Muhula uliopita nilikuwa na hamsini. Fractions zilikuwa zinanisumbua, sasa nimezishika."

"Hongera sana, Mwalimu," nikasema, bila kushangaa. Nilijua anasema habari za Karimi mdogo, mjukuu wake wa Runyenjes, aliye Gredi ya Tano.

"Nitajinunulia viatu," akasema, na akanionyesha picha ya viatu vidogo vyekundu.

Muchangi alitupokea langoni. Ni karani mwenye kitambi na adabu nyingi, anayekaribia miaka hamsini na mitano. Akatuketisha sebuleni, soda zikaja, mkewe akasalimia na kurudi jikoni, na tukaanza mazungumzo ya kawaida ya mvua ambayo haikunyesha. Nilimwambia ningemletea kifungu cha miraa kutoka kwetu lakini Mwalimu alikataa gari linuke. "Afadhali," akasema Muchangi. "Hapa sisi ni watu wa muguka, tunatafuna majani. Hiyo yenu ni miti."

Ghafla akasimama wima, kama askari.

Aliingia msichana wa miaka tisa, miguu mitupu, magoti yamejaa vumbi la mchezo wa kuruka kati. Amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso. Alinitazama kuanzia viatu kupanda juu, bila haraka.

"Huyu ndio Bundi?"

"Ndiye, Mama," akasema Muchangi.

"Mbona ni mnene? Kwa simu alikuwa mwembamba."

Mwalimu Karimi alipaliwa na soda. Mimi nilisimama pia, sijui ni nini kiliniinua, nikanyoosha mkono. Akaupokea kwa ncha za vidole.

"Umeniletea nini?"

Nilikuwa na sukari kilo mbili, majani ya chai na mkate, vitu ambavyo mtu mwenye akili huingia navyo nyumba ya watu, ila nilikuwa nimeshampa mama yake. Nikaenda jikoni mbio, nikaviomba tena kwa aibu, nikarudi na kumkabidhi kwa mikono miwili. Alichungulia ndani ya mfuko. "Weka hapo," akasema, akakaa kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa cha kufuma, ambacho tangu tuingie hakuna mtu aliyekuwa amekikalia. Miguu yake haikufika chini. Muchangi akasubiri akae kabisa ndipo naye akaketi.

"Sasa nitakuuliza," akasema Wambeti. "Kwa kitabu, nzige wa kike alikuwa anaitwa nani?"

"Kageni!" nikajibu. Moyo ulikuwa unanidunda kama niko mbele ya mtihani wa taifa.

"Na bwana yake?"

"Wanakijiji walimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikuja, akala, hakusema kitu."

"Kamati ilikuwa na watu wangapi?"

Hapo nilitabasamu. Hilo nalijua usingizini. "Kumi na tisa."

"Ishirini," akasema. "Cucu aliongeza mmoja na biro ya kijani." Cucu kwao ni nyanya.

Ee Mungu wangu. Aliifungua leso, na ile nakala ikatokea. Jalada limelegea, limeshikizwa kwa plasta ya hospitali. Nilikiri kwa sauti kwamba naogopa kukigusa, naye akanionea huruma, akanifungulia mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, mate kwenye kidole. Kalamu ya kijani ilikuwa imepita kila mahali. Miaka arobaini mwanamke huyu hakuacha kuandika kitabu chake! Pembeni ameandika, *Uongo, hakusema hivi.* Mahali pengine, *Hapa nilikuwa na njaa, sura inakimbia.* Sura ya tatu ilikuwa na doa la ndengu, kubwa, la mviringo, lenye mbegu moja iliyokaukia humo, nami nikalipigia doa kelele za furaha mpaka kuku wakakimbia mlangoni. Katika sura ya sita mzee aliyekufa kwenye nakala zetu zote alikuwa amefutiwa kifo chake. Pembeni ya mstari uliokatwa palikuwa na neno moja: *Apone.* Nilimshika Muchangi bega, nikamtikisa. "Amepona! Mzee amepona!" Muchangi naye akanitikisa, sidhani alijua tunashangilia nini.

"Ukurasa wa mwanzo," akasema Mwalimu Karimi.

Wambeti akarudi mwanzo. Ukurasa ulikuwa mweupe. Ulikuwa na rangi ya chai lakini mweupe, bila hata nukta.

Mwalimu Karimi alipitisha kioo chake juu ya karatasi yote, pembe kwa pembe, kwa haki, maana ni mtu wa haki. Kisha akakifunga mkobani. "Kimeandikwa naye," akasema taratibu. "Kimekaa naye, hilo hata kipofu anaona. Lakini hakina sahihi. Pole, Bundi."

Nilikuwa nimeahidi sitalia. Nilitazama ukutani kwenye kalenda, nikasoma siku zote za mwezi, hazikunisaidia. Ukurasa ule mweupe ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyeuacha mweupe, mara tatu.

"Si nitatia mimi," akasema Wambeti.

"Hapana, mwanangu," akasema Mwalimu kwa upole. "Lazima awe mwandishi."

"Ndio mimi."

"Mwandishi ni nyanya yako."

Wambeti akamgeukia baba yake, na Muchangi akakohoa kwa heshima. "Mwalimu, samahani. Huyu ni mama. Mimi nimemwita mama tangu siku ya kwanza, na marehemu mwenyewe alikuwa anamwita 'mimi.' Akitaka maji anasema, 'Mimi, niletee maji.' Sasa leo tumwambie si yeye?"

"Hayo ni ya nyumbani," Mwalimu akasema. "Sisi tuna sheria."

Na mimi, ambaye nilikuwa karibu kuinuka na kuomba ruhusa ya kuondoka, nikasikia kitu kinanipanda kutoka tumboni, kicheko, na nyuma yake tumaini. "Mwalimu," nikasema. "Ni nani alipata themanini na tisa kwa hesabu?"



"Hiyo ni tofauti," akasema Mwalimu Karimi.

"Ni nani fractions zilikuwa zinamsumbua? Ni nani atanunuliwa viatu vyekundu?"

Nimemjua Mwalimu Karimi miaka kumi na mitatu na sijawahi kumwona akishindwa hoja. Ilikuwa kama kuona Mlima Kenya umesogea pembeni. Alivua kofia ya kanisani, akaiweka magotini, akanywa soda yake yote bila kupumua. "Haya," akasema hatimaye. "Lakini mkono. Sheria inasema mkono wake. Huyu atatia mkono wake wa Gredi ya Nne."

Wambeti akashuka kitini, akatoka mbio, akarudi na daftari la kurasa tisini na sita. Akampa Mwalimu.

Lilikuwa limejaa sahihi. Ukurasa wa kwanza zilikuwa za kutetemeka, zimelala kama mahindi baada ya upepo. Ukurasa wa kumi zikaanza kusimama. Pembeni kulikuwa na alama za kusahihisha kwa kijani: *Mkia mrefu zaidi. Usikaze biro. Hapa umenikosa. Hapa umenipata.*

"Mikono ya Mama ilikuwa imeanza kutetemeka," akasema Muchangi. "Mwaka wote wa mwisho. Hata kikombe alikuwa hawezi. Jioni wakimaliza homework wanakaa hapo wawili, anamfundisha. Mimi nilidhani ni mchezo. Nikamuuliza, akasema, 'Kuna mtu wa Maua atakuja, na atanikuta.'"

Mwalimu Karimi alitoa cheti cha mwaka wa sabini na sita, akakilaza kando ya ukurasa wa mwisho wa daftari, akatoa kioo. Alitazama hiki, akatazama kile. Mara ya pili. Mara ya tatu. W yenye tumbo moja kubwa na moja dogo. T iliyokatwa kwa mshazari. Mkia wa i ya mwisho ukizunguka na kurudi chini ya jina lote. Akakiweka kioo chini.

"Mpe biro," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Wambeti akaichukua biro ya kijani, akalala kifudifudi juu ya meza, na akafanya kile ambacho kila mtoto wa shule hufanya ili jirani asimwibie jibu: akauzungushia ukurasa mkono wa kushoto na kuuficha wote. Aliandika muda mrefu kuliko jina. Ulimi ulimtoka pembeni. Nilinyanyua shingo, akanyanyua kiwiko. Alipomaliza alimwita Mwalimu peke yake. Mwalimu Karimi akainama, akasoma, akaweka kofia usoni, na mabega yake yakaanza kuruka, sikujua kama analia ama anacheka.

"Kimepita," akasema ndani ya kofia.

Nilipiga kelele. Sioni haya kusema. Nilimkumbatia Muchangi, nikamkumbatia mkewe aliyetoka jikoni na mwiko, nikataka kumkumbatia Mwalimu akanionya kwa kidole. Kisha nikanyoosha mikono miwili kwa Wambeti nipokee kitabu changu cha saba.

Alikuwa anakifunga tena kwenye leso.

"Cucu alisema nikikuja nipewe," nikasema.

"Alisema. Lakini sasa Cucu ni mimi, na mimi sijamaliza kusoma. Niko sura ya sita." Akakaza fundo. "Na Cucu alikungoja mara tatu. Hii ni moja."

Nilimtazama Muchangi. Muchangi alikuwa anatazama dari. "Mama ameshasema," akanong'ona.

Njiani kurudi nilimsihi Mwalimu Karimi aniambie kilichoandikwa. Nilimsihi kutoka Siakago mpaka Embu. Alisema ni siri kati ya mwandishi na karatasi, na akaimba nyimbo za kanisani kuninyamazisha, huku kila baada ya ubeti akipasuka kwa kicheko.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na habari za marehemu mmoja wa Mikinduri aliyeacha madaftari matatu ya mashairi. Nilisema Mungu amlaze pema, nikaendesha gari kwenda Siakago. Wambeti alinipa ungo wa ndengu nichambue mawe, akanisomea sura ya sita na ya saba kwa sauti, na kila nilipocheka kabla ya wakati alirudia mstari tangu mwanzo. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nina mfuko wa ndengu. Mke wangu akauliza kama sasa tunakusanya nafaka.

Mara ya tatu nilifika saa mbili asubuhi. Nilikuta Muchangi bado anapiga mswaki. Wambeti alikuwa amekaa kwenye kile kiti, amevaa nguo ya kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi, na kitabu kiko magotini bila leso.

"Umemaliza kusoma?" nikamuuliza.

"Nimemaliza. Mwisho ni mzuri." Akakinyoosha kwa mikono miwili, kama anavyofundishwa mtu kumpa mkubwa kitu. Kwa mara ya kwanza aliniona mimi kama mkubwa, na nusura nikatae.

Nilikifungua nikiwa nimesimama pale pale. Mwandiko ulikuwa ule ule wa cheti cha mwaka wa sabini na sita, wa kijani, umenyooka.

*Kwa Bundi wa Maua. Ulisema aliye hai haendi popote. Sasa umejua ni nani haendi popote. Wambeti.*

Nilicheka. Nilicheka vile nilivyocheka kidato cha pili, na machozi yakaniangukia kwenye jalada, nikakiinua kitabu juu ya kichwa kisilowe. Ndipo nikaona chini ya sahihi kuna mstari mwingine, wa penseli, mwandiko mkubwa wa Gredi ya Nne, ambao haukufanana na wa mtu mwingine yeyote duniani.

*Lakini umekuja tatu. Nimekusamehe. Wambeti.*